Ufunguo wa stoo ya michezo

Jumatano moja ya Agosti 2022, saa kumi jioni, tulipita getini kwenda kukitazama kiwanja cha netiboli tulichoikabidhi shule yetu mwaka mmoja nyuma. Tulikikuta kimejaa. Kimejaa mahindi. Magunia ya chakula cha wanafunzi yalikuwa yamemwagwa na kutandazwa toka goli hili hadi lile, na wasichana wawili wa kidato cha kwanza wamekaa kwenye kivuli chembamba cha nguzo, fimbo mkononi, wanafukuza kunguru.

Mmoja aliinuka haraka, akakunja goti. "Shikamoo Madam."

Mwenzangu akaitikia, akauliza mipira iko wapi. Iko stoo. Na ufunguo? "Anao mwalimu wa michezo, Madam. Kaenda semina."

Mwenzangu aliinama, akaokota punje moja, akaing'ata. "Yamekauka vizuri," akasema, akaanza kurudi getini.

Naandika kisa hiki kwa sababu mara kwa mara naombwa ushauri na makundi ya watu waliosoma pamoja wanaotaka kuikumbuka shule, na naona wanaelekea kulekule tulikojikwaa. Mimi nilikuwa mhazini. Risiti za saruji zina saini yangu, kwa hiyo kila lawama iliyomo humu na mimi nimo. Jina la shule naliacha. Inatosha kujua kwamba ni ya bweni, ya wasichana watupu, na ukisimama mlango wa bwalo unaliona ziwa. Mwenzangu nitamwita Senta, kwa nafasi aliyocheza: herufi C kifuani, mchezaji pekee anayeruhusiwa kukanyaga theluthi zote tatu za kiwanja, isipokuwa zile nusu duara mbili za magoli.

Senta aliingia kidato cha kwanza mwaka 2002 akitokea Magu, na sanduku la bati na ndoo. Ulikuwa wakati mbaya kwa mtoto anayependa mpira. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 wizara ilikuwa imesimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari. Hakukuwa na timu ya wilaya ya kuchaguliwa, wala ya mkoa, wala basi la kupanda mwezi wa sita kwenda kulala kwenye madarasa ya mkoa wa watu na kurudi na nguo za mazoezi za kuringia bwenini. Stoo za michezo katika shule nyingi ziligeuka stoo za viti vibovu.

Yetu haikugeuka, na sababu ni mwalimu mmoja wa Baiolojia, mama wa Kikerewe, mkali kuliko wote. Senta alipofika kidato cha pili, mwalimu yule alimkabidhi ufunguo wa stoo. Hakutoa hotuba. Alimwambia: fungua saa kumi, funga kabla ya kengele ya chakula, mpira ukipotea nitakuuliza wewe.

Hapa nitakaa kidogo. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee, kikubwa kuliko kiganja, na Senta alitembea nacho kimening'inia kiunoni kama mganga. Ndani ya stoo kulikuwa na mipira mitatu: mmoja mzima, miwili yenye viraka vya tyubu ya baiskeli. Kulikuwa na karai, filimbi moja, na kamba ya katani iliyofungwa mafundo. Kamba ile ndiyo iliyokuwa uwanja wetu. Fundo moja lilikaa kwenye mita 15 na robo, upana wa kiwanja, na ukiigeuza mara mbili unapata urefu. Fundo jingine lilikaa kwenye mita 4.9. Msichana mmoja anachuchumaa chini ya nguzo ameshika mwanzo wa kamba, mwingine anazunguka na fundo, wa tatu anamfuata nyuma na karai la majivu ya jikoni anamwaga mstari. Nusu duara ya goli ilitoka imepinda kidogo upande wa choo, kila siku, kwa sababu pale palikuwa na jiwe.

Mistari ikikamilika, Senta anatangaza bweni gani linacheza na lipi, anachagua mwamuzi kutoka bweni la tatu, anamteua mwandishi wa magoli. Ugomvi ulikuwa mwingi. Sheria inasema ukishika mpira usizidishe sekunde tatu, na hakuna aliyekuwa na saa, kwa hiyo tulihesabu kwa sauti, upande mmoja haraka, upande mwingine polepole kama wanaosali. Nakumbuka siku ambayo dada mkuu mwenyewe, kidato cha sita, alikataa uamuzi na kuondoka na mpira kwapani. Senta alimfuata hadi mlango wa bweni, akiwa mdogo kwake miaka minne, akamwambia kwa adabu zote: "Dada, naomba mpira, nitaulizwa mimi." Akapewa.

Msichana wa miaka kumi na tano alikuwa anaendesha ligi ya shule nzima, bila mtu mzima uwanjani. Tulidhani ni jambo la kawaida.

Matokeo yake ya kidato cha sita mwaka 2008 hayakumfikisha kwenye uhasibu ambao baba yake alikuwa ameshawatangazia majirani. Akachukua stashahada ya ualimu, Butimba, chuo ambacho watu wa Mwanza wanakijua kwa muziki, sanaa na michezo, na huko akachagua michezo. Baba mtu aliona ametukanwa. "Nimeuza ng'ombe ili usomee kurusha mpira?" Senta hakulelewa kujibizana na mzazi, kwa hiyo aliuliza swali: baba anajua medali ya kwanza ya kimataifa ya nchi hii ililetwa na nani? Mzee akasema Filbert Bayi, nani mwingine. Hapana baba, ni mwanamke, Theresia Dismas, Brazzaville mwaka 1965, medali ya fedha katika Michezo ya Afrika, kwa kurusha mkuki.

Mzee alinyamaza. "Mkuki?"

Ungekuwa mchezo mwingine wowote sidhani kama hoja ingepita. Kwa mzee wa Kisukuma, binti aliyevuka mipaka na mkuki na kurudi amevaa medali ni habari ya kukaa nayo. Alitoa nauli.

Ajira ya mwalimu wa michezo ina siri ambayo wanaotoka vyuoni huigundua siku ya kuripoti. Elimu ya viungo ni somo la kuchagua, na shule zinazolifundisha hadi mtihani wa kidato cha nne ni chache. Kwa hiyo mkuu wa shule anakupokea kwa somo lako la pili. Senta alipangiwa Jiografia, vipindi ishirini na sita kwa wiki, na michezo akapewa "jioni", maana yake baada ya kazi, bila kipindi kwenye ratiba wala posho, pamoja na heshima ya kupaka chokaa mawe ya uwanja siku ya mahafali. Aliivumilia miaka miwili. Baadaye akasoma shahada ya elimu ya viungo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarudi kanda ya ziwa kufundisha wanaosomea ualimu. Filimbi hakuiacha. Mwaka 2018 UMISSETA ilipofanyika hapa Mwanza alikuwa miongoni mwa waamuzi, na aliniambia kitu ambacho wakati huo sikukitilia maanani: wachezaji ni wazuri kuliko sisi tulivyokuwa, warefu, wepesi, lakini filimbi ikichelewa kidogo tu, wote kumi na wanne wanageuza shingo kumtafuta mwalimu.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wanawake wa darasa letu tulijikuta nyumbani na simu, na kundi letu la WhatsApp, ambalo kwa miaka lilikuwa la kutangaziana misiba, likachangamka. Mtu akasema tuikumbuke shule. Wengine wakataka televisheni ya bwalo, wengine tangi la maji. Senta akasema kiwanja. Ana kovu gotini, la pembe tatu, alilolipata kwenye lile jiwe la upande wa choo, na alilituma picha kwenye kundi. Nani abishane na kovu?

Kosa letu la kwanza liko hapo, na ilinichukua miaka miwili kuliona. Mtu anayerudi kuisaidia shule hubeba kile alichokikosa. Aliyelala njaa huleta mchele, aliyejisomea kwa kandili huleta sola. Simlaumu, hata dini zinamwelewa. Lakini kilichomfanya Senta awe mwalimu wa michezo hakikuwa kiwanja, maana kiwanja hakuwa nacho. Tulimuuliza alikosa nini, naye akatuonyesha goti. Hakuna aliyemuuliza alipewa nini.

Kujenga kitu bapa Mwanza ni kugombana na mawe. Wapasua mawe walikuja, wakawasha moto juu ya majabali mawili, siku ya tatu yakapasuka kwa mlio kama wa bunduki na wasichana wakashangilia madirishani. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani mita za mraba 465. Ukimwaga zege la sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 46 na ushee, saruji kama mifuko mia tatu, kabla hujaongeza pembezoni za kukimbilia, na bila pembezoni mchezaji anaishia mtaroni. Nguzo zilichomelewa Mabatini, pete zikakaa mita 3.05 kutoka chini kama sheria inavyotaka. Tukanunua mipira ishirini, saizi ya 5, na mimi kwa mkono wangu nikaipiga namba kwa wino wa kudumu, 01 hadi 20, nikaandika hati ya makabidhiano yenye safu nne. Agosti 2021 tukakata utepe. Pilau ilitosha.

Tukirudi kwenye mahindi. Mimi nilikuwa tayari kwenda ofisini kuwaka. Senta alikataa. Alirudi Ijumaa peke yake, akarudi tena Jumatano iliyofuata na ile ya baadaye, akikaa chini ya mwembe na daftari kama mkaguzi, akiandika kila msichana anafanya nini kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Alichokiandika kilitupunguzia hasira.

Vipindi vinaisha saa nane na nusu. Baada ya hapo usafi, halafu masomo ya ziada kwa kidato cha pili na cha nne, yaani wenye mitihani ya taifa, hadi saa kumi na nusu. Wanaobaki huru ni kidato cha kwanza na cha tatu. Kidato cha tatu wanafua. Kidato cha kwanza wanatumwa. Muda wa michezo upo kwenye ratiba iliyobandikwa ubaoni, umeandikwa kwa wino wa kijani, mzuri kabisa.

Kilichofuata kwenye daftari kilimuuma zaidi kwa sababu yeye ni mtaalamu na alipaswa kukijua: viatu. Kwenye udongo sisi tulicheza peku, shule nzima, na haikuwa taabu. Zege la saa kumi Agosti linachoma nyayo. Na netiboli ni mchezo wa kuruka na kusimama ghafla, mguu uliotua wa kwanza huruhusiwi kuuburuta, kwa hiyo uzito wote unaishia gotini. Zege halisamehe kama udongo. Msichana mwenye raba angeweza kucheza. Wenye raba bweni zima walikuwa wachache, na raba zenyewe zilikuwa za kwendea nyumbani. Kile kiwanja cha majivu na jiwe kilimkubali kila mtu mwenye miguu miwili. Hiki cha mifuko mia tatu kilikuwa kinachagua.

Kulikuwa pia na wale waliokaa pembeni siku zao za hedhi zikifika, na walikuwa wanahesabika kila wiki. Hapo nakumbuka habari ya kodi. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Msamaha uliishia kwa mwenye duka. Kiwanja chetu nacho kiliishia kwa mwenye ufunguo.

Mwenye ufunguo, yule mwalimu wa michezo, alikuwa kijana wa Hisabati. Tulipokaa naye hatimaye, kantini, kwenye chai na maandazi, hakuonekana mtu mvivu hata kidogo. Alituuliza kwa upole: mmeona leja ya shule? Mipira imeingia kwenye leja, ishirini, kila mmoja na namba yake. Wakaguzi wakija wanahesabu. Ikikutwa kumi na tisa, mimi ndiye ninayeandika maelezo, na mpira mmoja wa aina ile si wa mshahara wangu. "Ningekuwa nimepewa mipira isiyo na namba, mama zangu, ingekuwa imeshachakaa."

Namba nilizipiga mimi. Nilikuwa nimejivunia sana zile namba.

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, kwa hiyo jibu lilinijia usiku uleule, na nakiri lilinijia kwa aibu. Katika stoo ya shule kuna vitu vya aina mbili. Kuna kiti, ambacho unakihesabu mwaka hadi mwaka na kikipotea kuna kesi. Kuna chaki, ambayo ukiitoa imetoka. Hakuna mkaguzi anayeuliza kipande cha chaki cha mwezi wa tatu kiko wapi, anachotaka kuona ni nani aliichukua na lini. Sisi tulikuwa tumeuandika mpira kama kiti. Mpira ni chaki. Kazi yake ni kuisha. Mpira wa netiboli ambao baada ya miaka mitatu bado unang'aa ni hasara, haijalishi leja inasemaje.

Tulimwendea mkuu wa shule, mama mtaratibu aliyekuwa anakaribia kustaafu, tukaomba mipira minane ihamishwe kutoka mali za kudumu kwenda vitu vya matumizi, kwa barua yetu sisi wafadhili na muhtasari wa bodi. Alisoma barua mara mbili. Alichouliza ni kimoja: "Nani atasaini kuutoa?" Senta akajibu: msichana. Mkuu wa shule akaivua miwani.

Ulikuwa mjadala wa saa nzima na sitaueleza wote. Mama yule alikuwa na hoja nzito. Mtoto wa watu akidai mpira umeibwa na wenzake wakamtuhumu yeye, ugomvi wa bweni utaamuliwa na nani? Stoo ikiachwa wazi usiku, mvulana wa mtaani akiingia, nani atamjibu mzazi? Ni maswali ya mtu ambaye ameamshwa saa nane za usiku zaidi ya mara moja, na sisi tuliokuwa tukilala Capri Point na Nyegezi hatukuwa na haki ya kuyaona madogo. Tulikubaliana hivi: ufunguo ukae kwa dada wa michezo na msaidizi wake, wasiwe bweni moja, kaunta buku iandikwe namba iliyotoka, saa, na aliyeirudisha, na saa kumi na mbili ufunguo ulale kwa matroni. Matroni alikubali kwa sharti kwamba asiulizwe habari ya magoli.

Kuhusu muda, tulipata Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, ambayo haikuwa na masomo ya ziada. Jioni za katikati ya wiki tukaziacha. Kuzidai kungemaanisha kupigana na mtihani wa taifa, na mtihani huo unashinda siku zote. Kuhusu miguu isiyo na raba, Senta alifanya jambo ambalo baadhi ya wachangiaji hawajamsamehe: alichora kiwanja cha pili, cha udongo, pembeni ya kile cha zege, kwa kamba ya katani na majivu. "Tumechanga mamilioni ili mrudi kwenye majivu?" dada mmoja akaandika kwenye kundi kutoka Dodoma. Senta hakujibu. Alituma picha ya wasichana ishirini na wanane peku.

Na ndipo akaanza kufanya kazi aliyosomea. Jumamosi nne mfululizo aliwachukua wasichana kumi na wawili, wote wa kidato cha pili, hakuna hata mmoja aliyekuwa mchezaji nyota. Aliwakataa nyota makusudi. Nyota, alisema, anataka kucheza, hana subira na daftari. Aliwafundisha kupima, kuandika magoli, kupuliza filimbi na kusimama mahali pa kuona. Sehemu ngumu ilikuwa filimbi. Msichana aliyefunzwa maisha yake yote kusema kwa sauti ya chini mbele ya wakubwa anaombwa apulize chuma mdomoni na kumwambia kidato cha nne umekosea. Wa kwanza alipuliza kama anayepoza chai. Senta aliwapeleka chini, kwenye miamba ya ziwani, akawaambia wapulize mpaka wavuvi wageuke. Mtumbwi wa kwanza kugeuka ulichukua dakika kama kumi, na mvuvi akauliza kwa Kisukuma kama kuna mtu anazama.

Nimeulizwa mara nyingi kama mpango huu umetoa mchezaji wa timu ya taifa. Swali lina mantiki yake hapa kwetu: Mwanza ina Alliance Girls kwenye Ligi Kuu ya Wanawake, ina chuo cha michezo Malya kule Kwimba, na nchi nzima iliona mabinti wa Serengeti Girls wakifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, India, mwaka 2022. Jibu ni hapana. Tunachoweza kuonyesha ni kaunta buku. Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miandiko ya watu tofauti, mabweni yanacheza. Kufikia mwisho wa 2023 mipira mitatu kati ya minane ilikuwa imekwisha: mmoja ulitobolewa na mwiba, mmoja uliandikwa "ameondoka nao ng'ombe", maelezo ambayo hatujawahi kuyaelewa, na mmoja "uliingia ziwani, tukauona unaenda".

Mambo hayakunyooka. Mwanzoni mwa 2024 mkuu wa shule alistaafu, akaja mwingine, naye wiki ya kwanza akakusanya funguo zote ofisini, kama mgeni yeyote mwenye busara angefanya. Senta aliposikia alitaka kupanda daladala siku hiyohiyo. Mimi nilimzuia, kwa sababu nyingine kabisa: nilikuwa na msiba. Kabla hatujajipanga, ikawa imeisha. Dada wa michezo na msaidizi wake walikuwa wamekwenda ofisini na kaunta buku, wakaomba ruhusa, wakamsomea mkuu mpya ukurasa mmoja baada ya mwingine, pamoja na ng'ombe. Tuliambiwa alicheka. Ufunguo ulirudi kwa matroni Jumamosi ya pili. Sisi wafadhili tulipata habari kutoka kwa mwalimu wa Hisabati, kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja.

Mwaka 2025 tulipanda meli kwenda Nansio kumwona mwalimu wetu wa Baiolojia, ambaye amestaafu na ana machungwa nyuma ya nyumba. Senta alikuwa ameandaa maneno. Alimweleza yote, kiwanja, mahindi, leja, wasichana kumi na wawili, akamalizia kwa kumshukuru kwa imani aliyoiweka kwake mwaka ule wa 2003, kwamba alimwona akiwa bado mtoto na akamwamini.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa. Kisha akasema: "Mwanangu, nilikuwa na kichanga. Ikifika saa tisa na nusu maziwa yananidondoka, lazima niwahi nyumbani. Nani angefungua stoo?"

Na kwa nini mimi, mwalimu?

"Bweni lenu lilikuwa jirani na nyumba yangu. Ningekuona ukipita na lile libao."

Senta alicheka, halafu akaacha kucheka. Kwenye meli wakati wa kurudi hakuzungumza hadi tulipoanza kuyaona majabali ya Mwanza. Mimi, nikiri, niliona afadhali. Kama lile jambo lingehitaji mwalimu mwenye jicho la ajabu, tungelitafuta jicho hilo kila shule na tusingelipata. Kumbe lilihitaji mwalimu mwenye sababu ya kuondoka na msichana wa kumwachia ufunguo, na walimu wenye sababu ya kuondoka saa tisa na nusu hawajawahi kupungua nchi hii.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Pale nyumbani, kabla hatujaaga, mwalimu alitugawia machungwa kwenye mfuko wa salfeti, akauliza swali moja tu kuhusu mpango wetu wote.

"Likizo, ufunguo unabaki na nani?"

Tukasema stoo inafungwa, ufunguo unakaa ofisini.

"Na mipira?"

Imo ndani.

"Mimi nilikuwa nailaza chini ya kitanda changu," akasema.

Tulitazamana. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya Juni, mipira miwili ilikutwa imetobolewa pembeni, matobo madogo madogo, na kwenye safu ya maelezo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika: sababu haijulikani.